Mkunazini, Mbweni, Banani: safari ya siku kwa siku katika kumbukumbu za kanisa Zanzibar

Jumatatu: Mkunazini, uani na chini ya ardhi

Saa 3 asubuhi lango la Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana limeshafunguliwa. Kuwahi kuna faida yake. Vyumba vya chini, vinavyooneshwa kama vyumba vya watumwa waliosubiri soko, ni vifinyu, mtu mrefu hasimami wima ndani yake, na kundi la watu kumi na tano likishaingia hewa inakuwa nzito na kila mmoja anatazama mgongo wa mwenzake. Ada hulipwa langoni, mwenyeji na mgeni wana viwango vyao. Mavazi ni ya heshima, mabega na magoti yafunikwe, maana hapa bado panasaliwa.

Watembezaji wengi hukimbilia vyumbani kwanza, kwa kuwa ndivyo wageni walivyovisikia tangu hotelini. Afadhali kuanza na maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa Afrika Mashariki, yaliyowekwa ndani ya uwanja huohuo kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na shirika la World Monuments Fund. Mabango yanachukua saa nzima kuyasoma kwa makini: misafara ya kutoka bara, majahazi, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliyokuwa yakila nguvu za watu. Palipo muhimu kuliko pote ni kwenye tarehe. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikuja mapema mwaka huohuo akaondoka mikono mitupu. Aliyekamilisha kazi ni Balozi John Kirk, akiwa na tishio la manowari za Uingereza nyuma yake. Lakini mkataba ule ulifunga soko tu. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi amri ya 6 Aprili 1897, na hata hapo mtumwa alipaswa aende mwenyewe kudai uhuru wake, huku masuria wakiachwa nje mpaka 1909. Mtembezaji anayesema "utumwa uliisha 1873, kanisa likajengwa" amekata miaka 36 ya historia kwa sentensi moja.

Kisha vyumbani. Ni viwili, vyenye majukwaa ya mawe pande zote mbili, njia nyembamba katikati, na vidirisha vidogo vya kuingiza mwanga. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kimoja kilijazwa wanawake na watoto 75, kingine wanaume 50. Toka nje, inua macho, litazame jengo lililo juu yake. Hilo lilikuwa hospitali ya misheni, na ni la miaka ya 1890, wakati soko lilishafungwa tangu 1873. Ndiyo maana wapo wanahistoria wanaoona kuwa vyumba vile vilikuwa stoo za hospitali. Kwamba hapa palikuwa soko hakuna anayebisha. Ubishi ni juu ya vyumba tu. Makumbusho yanayoeleza pande zote mbili hayapungukiwi na kitu, na mgeni aliyeambiwa ukweli wote anaamini zaidi yale mengine.

Adui mkubwa chini ya ardhi ni unyevu. Jiwe la matumbawe hunyonya maji kutoka chini, maji yanapanda na chumvi, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na chumvi inabaki. Chumvi ikiganda inavimba na kusukuma lipu. Ule unga mweupe unaopukutika ukiugusa ndiyo chumvi yenyewe. Usifutwe kwa kitambaa cha maji, maana utaurudisha ndani. Unapigwa brashi kavu na kuzolewa. Na kuweka taa kali kwa ajili ya picha za wageni kunaharakisha ukaukaji, kwa hiyo kunaongeza chumvi palepale penye mwanga.

Uani pana sanamu za Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, za mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, nusu ya miili iko chini ya usawa wa ardhi, wameunganishwa kwa minyororo ya shingoni. Minyororo ni ya asili, ya enzi hizo. Chuma cha zamani kilicho nje, karibu na bahari, kina kazi ya kudumu. Ukikipaka rangi ya mafuta kinapendeza kwa msimu mmoja, halafu kutu inaendelea chini ya rangi na kuinua magamba bila mtu kuona. Njia inayofaa ni kukisugua kwa brashi laini ya nyuzi, kukiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kukikausha kabisa, kukipaka asidi ya taniki ambayo hugeuza kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia, kisha nta nyembamba juu yake. Nta hurudiwa kabla ya masika na kabla ya vuli. Shimo nalo litazamwe tundu lake la kutolea maji: majani machache yakiziba, mvua ya usiku mmoja inatosha kuwaacha wale watu watano ndani ya bwawa.

Jumanne: Mkunazini, ndani ya kanisa

Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, pale misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ilipohamia visiwani baada ya kushindwa huko Magomero, Malawi ya leo. Steere alifariki 1882 na kaburi lake liko nyuma ya altare.

Mbele ya altare sakafuni pana duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Kwa mapokeo ya kanisa, hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa. Simama pembeni, duara hilo halikanyagwi ovyo.

Juu, paa. Ni tao moja refu lililomiminwa kwa matumbawe yaliyosagwa na saruji, bila boriti. Wakati ule wengi walitabiri litaanguka. Paa la namna hii linachungwa kwa njia rahisi: kila ufa unawekewa kipande chembamba cha kioo, urefu wa sentimita 10 hivi, kinachobandikwa kwa plasta kuvuka ufa, na tarehe inaandikwa pembeni kwa penseli. Ufa ukisogea hata kidogo, kioo kinakatika. Kikikaa mwaka mzima kizima, ufa ule ni wa zamani na umelala. Unazibwa usipitishe maji, basi. Kosa linalorudiwa ni kuziba kwanza na kuuliza baadaye, na hapo ushahidi wa mwendo wa ufa unakuwa umefukiwa.

Upande wa magharibi, karibu na kisima cha ubatizo, zitazame nguzo fupi. Zimesimama kichwa chini: taji la nguzo liko sakafuni na kitako kiko juu. Inasimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha hivyo Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Zinabaki hivyo, na ni sawa. Kuzigeuza leo ni kuuondoa mzigo ulio juu yake kwa ajili ya kurekebisha kitu ambacho chenyewe kimekuwa historia.

Msalaba wa mbao ndicho kitu kidogo chenye safari ndefu kuliko vyote humu. Livingstone alikufa Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Ukapita Unguja kwenda London, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Msalaba huu umechongwa kwa mti ule. Zingatia mwezi wa kifo chake na mwezi wa mkataba wa Barghash: Livingstone hakupata kusikia kuwa soko lilifungwa. Ubao wa aina hii haupakwi vanishi mpya. Unatazamwa kila mwezi kwa kurunzi ya kuelekezwa kutoka pembeni, karibu sambamba na uso wa ubao, kutafuta vitundu vipya na unga mwepesi chini yake. Kitundu cha zamani kina kingo nyeusi. Kipya kina kingo nyeupe na unga wake unamwagika ukigonga kidogo. Ukiona vya namna ya pili, kitu kinatengwa siku ileile kabla ya kupeleka wadudu kwenye viti.

Madirisha ya vioo vya rangi, mojawapo la kumkumbuka Livingstone na jingine mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kukamata majahazi ya watumwa, yana udhaifu mmoja ambao haumo kwenye kioo. Ni zile fito za chuma zinazoyashikilia. Hewa ya bahari inazitia kutu, kutu inavimba, kioo kinapasuka kwenye kona. Anayetaka kuyaokoa madirisha aanzie kwenye fito.

Kwenye mnara, saa. Inasimuliwa ilitolewa na Barghash kwa sharti kwamba mnara wa kanisa usiupite wa Beit al Ajaib, jumba lake la kifalme. Sehemu kubwa ya Beit al Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na tangu hapo kila mwenye dhamana ya jengo la zamani Mji Mkongwe analitazama paa lake kwa jicho jingine.

Suala la sakristia, chumba cha vifaa vya ibada, linahitaji neno la wazi. Vikombe vya misa, kasula (vazi la juu la padri wakati wa misa), stola (mtandio wake wa shingoni), vinara, vingi vya vitu hivi ni vya kale na bado vinatumika, kwa hiyo haviwezi kufungiwa kabatini kama vya makumbusho tu. Tatizo huanza pale vinapokuwa havimo kwenye orodha yoyote, kwa hoja kwamba "ni vya kanisa, vinajulikana". Viandikwe, vipigwe picha pande zote, na kwenye safu ya hali iandikwe "katika matumizi". Kusafisha ndiko kunakoua zaidi. Ndimu na majivu kwa fedha, ukwaju kwa shaba, dawa ya meno kwa chochote: vyote vinang'arisha leo na kula maandishi ya nakshi kidogo kidogo. Chaki laini iliyokorogwa na maji, kwa pamba, mara moja kwa mwaka, kisha maji safi na kukausha papo hapo, inatosha. Kasula yenye nyuzi za dhahabu haitundikwi kwa hanga mwaka mzima. Uzito wake unachana mabega. Inalazwa, na penye mkunjo panatiwa karatasi laini isiyo na asidi iliyovingirishwa, mkunjo ukahamishwa kila baada ya miezi michache.

Jumatano: Minara Miwili

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, kila mtu analiita Minara Miwili, na ukikaribia kwa boti ndilo unaloliona mapema. Lilijengwa miaka ya 1890 na wamisionari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Misheni ya Kikatoliki ilianza Unguja mwaka 1860, ikavuka kwenda Bagamoyo 1868; mwenye hamu ya makumbusho kamili ya misheni hiyo avuke hadi Bagamoyo, yako kwenye uwanja wa misheni yenyewe. Hapa Unguja lililopo ni kanisa linalosali, na wakati usio wa misa mlango mkuu mara nyingi umefungwa. Zunguka nyuma, uliza kwa adabu.

Ndani kuta zimechorwa visa vya Agano la Kale. Michoro ya ukutani ndiyo mtihani mgumu kuliko yote katika mji huu, kwa sababu haiwezi kuhamishwa na ukuta wake haukauki. Kwa hiyo kazi inaanzia nje, kwenye lipu. Huu ndio utaratibu unaofuatwa na mafundi wanaoijua kazi ya mawe ya matumbawe:

Kwanza chanzo cha maji kitafutwe: mfereji wa paa uliotoboka, bomba la jirani, au kiwango cha uchochoro kilichopandishwa na lami mpaka kikapita sakafu ya ndani. Bila hilo, mengine yote ni kutupa pesa. Kisha lipu ya saruji inabanduliwa, hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipumui; maji yanakwama nyuma yake, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na mara nyingi yanatokea palepale penye mchoro. Viungo vya mawe vinakwanguliwa kwa kina cha sentimita 2 au 3, vinapigwa brashi, vinanyunyiziwa maji.

Lipu mpya ni chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Chokaa iwe imelowekwa kwa muda mrefu, miezi mitatu au zaidi, ikawa laini kama siagi. Mchanga uwe wa shimoni. Wa pwani una chumvi, na fundi anayeutumia kwa kuwa uko karibu anaupandikiza ugonjwa uleule alioitwa kuutibu. Kila tabaka lisizidi sentimita moja na nusu, na lipewe siku kadhaa kabla ya jingine. Ukuta ufunikwe magunia yaliyolowa, yanyunyiziwe asubuhi na jioni, maana chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa huku ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua la mchana inabaki unga. Mwisho inapakwa maji ya chokaa, tabaka nyembamba nne au tano. Rangi ya plastiki ya dukani isikaribie ukuta huo. Na kwa sababu majengo yote haya yamo ndani ya Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kinatangulia nyundo.

Alhamisi: Mbweni na Kiungani

Daladala za njia ya uwanja wa ndege zinakufikisha karibu, halafu ni mwendo wa kuelekea baharini chini ya miembe. UMCA ilinunua shamba la Mbweni mwaka 1871, wakati wa Tozer, na hapo wakawekwa watu waliotolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari. Walipewa viwanja, wakajenga nyumba zao, wakalima. Skuli ya Mtakatifu Maria kwa wasichana ilisimama hapo. Caroline Thackeray alifika 1877, akawa mwalimu mkuu wake kwa miaka mingi, na akafia Mbweni 1926. Kanisa la Mtakatifu Yohana, la 1882, bado linasaliwa na makaburi yake yamelizunguka.

Skuli imebaki gofu, ndani ya eneo la hoteli. Gofu lisilo na paa linakufa kutoka juu. Mvua inaingia kwenye kichwa cha ukuta, inaosha chokaa iliyo katikati, na ukuta unabaki ngozi mbili zilizosimama bila nyama. Dawa yake ni kofia ya chokaa: kichwa cha ukuta kinasafishwa, mawe yaliyolegea yanakalishwa upya, kisha kinafunikwa kwa chokaa yenye mteremko ili maji yakimbie pembeni. Adui wa pili ni mitini pori. Mbegu inaletwa na ndege, mizizi inashuka ndani ya viungo. Kishawishi ni kuung'oa mti. Ukiung'oa unatoka na mawe. Unakatwa shina, kisiki kinatobolewa na kutiwa dawa, mizizi inaachwa ioze ndani, na tundu zinajazwa chokaa baadaye. Kuna wanaopenda magofu yenye miti kwa ajili ya picha. Waipige mapema.

Makaburini, msisugue mawe kwa brashi ya waya na wala msipake chaki kwenye herufi ili zisomeke. Kioo cha mkononi cha kurudishia jua, kikielekezwa upande wa jiwe, kinazitoa herufi zote zilizofifia. Piga picha hapohapo, andika maneno yote kama yalivyo pamoja na makosa yake.

Kiungani, upande huuhuu wa kusini mwa mji, palikuwa na Chuo cha Mtakatifu Andrea cha wavulana. Mizizi yake inarudi 1864, Sultani Majid alipomkabidhi Tozer watoto watano waliotolewa kwenye jahazi. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi 1879. Cecil Majaliwa, aliyesoma hapo, alipadirishwa 1890, Mwafrika wa kwanza kuwa padri katika misheni hiyo. Hapo pia mtambo wa uchapaji ulifundishwa kwa vijana, na tangu 1888 likatoka gazeti la Kiswahili, Msimulizi. Chuo baadaye kilihamia Minaki, Kisarawe. Kwa historia ya kanisa, Kiungani ni pazito kuliko Mkunazini: huku ndiko waliokombolewa walikoanza kuandika wenyewe. Mabasi ya watalii hayasimami.

Ijumaa: Kilimani

Ijumaa ni nusu siku, ofisi zinafungwa mapema kwa ajili ya sala, kwa hiyo kazi ianze saa 2. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani. Mtafiti anakuja na kibali cha utafiti mkononi, anaomba orodha kwanza, anachagua, anajaza fomu. Penseli tu, kalamu ya wino inaachwa nje. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za UMCA yenyewe iko Oxford, maktaba ya Bodleian, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa kanisa ambalo waumini wake wako hapa.

Mnyororo unavuta macho. Lakini daftari la ubatizo, la ndoa na la mazishi ndilo lenye watu: jina, umri wa kukisia, msimamizi, tarehe, padri. Ukiambiwa uokoe kitu kimoja parokiani moto ukiwaka, kiwe daftari. Na ndicho kitu kinachotunzwa vibaya kuliko vyote, kwenye kabati la mbao lililobanwa ukutani, na vidonge vya nondo juu yake.

Kuvu huota unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi, na hapa masika yanavuka hapo bila shida. Kipimo cha unyevu ni kidogo, cha mkononi, na kinunuliwe kabla ya kiyoyozi. Kiyoyozi kinachozimwa saa 9 alasiri na kuwashwa asubuhi ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kila siku karatasi inatoka jasho. Feni ndogo inayozungusha hewa, dirisha lenye wavu, rafu za chuma zilizoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni na kuachwa sentimita 10 kutoka ukutani: mchwa wakipanda, njia yao ya udongo inaonekana kabla hawajafika.

Daftari lenye wadudu linatibiwa kwa baridi, bila sumu. Linafungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa ikiwa imekamuliwa na mdomo umebandikwa vizuri. Linawekwa kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, wiki tatu. Likitolewa lisifunguliwe; likae ndani ya mfuko saa 24 mpaka lifikie joto la chumba, ili umande ugandie nje ya plastiki usiingie kwenye kurasa. Umeme ukikatika katikati kwa muda wa kuyeyusha, hesabu inaanza upya. Ukurasa uliochanika haugusi selotepu kamwe; gundi yake inageuka kahawia, inapenya, na haitoki. Uachwe umechanika ndani ya bahasha mpaka apatikane mwenye karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga.

Jumamosi: Pemba

Boti mpaka Mkoani, kisha gari ya Chake Chake. Pemba haina makumbusho ya kanisa, na ndiyo sababu ya kuja. Mwaka 1897, mwaka wa ile amri, Marafiki kutoka Uingereza, wale wanaoitwa Quakers, walianzisha misheni yao ya kazi za mikono Banani. Theodore Burtt alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Walinunua shamba la karafuu, wakaajiri watu waliotoka utumwani na kuwalipa mshahara, jambo ambalo lenyewe lilikuwa hoja: kwamba karafuu inaweza kuchumwa bila mtumwa. Marafiki hawana altare, sanamu wala kasula, kwa hiyo hakuna cha kuwekwa kwenye kabati la kioo. Urithi wao ni shamba, hesabu za mishahara na maneno ya wazee.

Mahali kama hapo, orodha ndiyo makumbusho. Daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa, si faili la kuchomoa. Kila kitu kinapata namba yenye mwaka wa kuandikwa, namba ya aliyekileta na namba ya kitu, mathalani 2025.4.11. Karatasi inaandikwa namba nyuma, kona ya chini, kwa penseli ya 2B. Kitambaa kinashonewa utepe wa pamba. Chuma na mbao vinapakwa ukanda mwembamba wa vanishi ya kuyeyuka kwa asetoni, namba juu yake, na ukanda mwingine wa kuifunika. Siku ya kuifuta, asetoni inaitoa yote bila kugusa kitu. Safu zisizokosekana: kilitoka kwa nani, kwa hali gani (zawadi, kuazima au kununua), kiko wapi sasa. Ya katikati ndiyo inayoleta ugomvi. Familia inaleta Biblia ya babu, padri anapokea kwa mdomo, baada ya miaka ishirini mjukuu anaidai na hakuna karatasi. Fomu ya nusu ukurasa, yenye saini mbili, inamaliza hilo.

Masimulizi ya wazee yanarekodiwa kwa simu tu, haina haja ya mtambo mkubwa, ila simu iwekwe hali ya ndege na feni izimwe. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na ruhusa, vyote vikisikika kwenye rekodi. Uliza jina la konde, la mti, la kisima, la njia; mwaka utapatikana kwa mengine, majina ya mahali hayatapatikana tena. Bibi akisema "hilo usiliandike", zima.

Madaftari yapigwe picha kwa simu iliyofungwa juu ya kiti, kurasa mbili mbili, mwanga wa dirisha, bila flashi, rula ikionekana pembeni. Nakala tatu: moja parokiani, moja ofisi ya dayosisi, moja nje ya kisiwa. Diski ya nakala iunganishwe na kufunguliwa kila baada ya miezi sita, picha kadhaa zitazamwe moja moja, na tarehe ya ukaguzi iandikwe ndani ya lile daftari gumu, kwa penseli ileile.